Daktari Bustingorri Azindua Sinema ya Paso Hondo

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, ambaye leo anawakilishwa na kiti chake, Baba Paroko, Kamanda wa Zimamoto pamoja na gari lake lisilowaka, Doña Eufrasia Maidana, mjane wetu mpendwa uliyetoa kiwanja chako bure ili mji huu upate sinema, wananchi wote, itifaki imezingatiwa!

(Makofi hakuna. Kibuyu cha yerba, chai yetu chungu ya majani, kikapita mkono kwa mkono.)

Mimi, Daktari Hilario Bustingorri, Mkurugenzi wa Utamaduni, nimefanya upembuzi yakinifu nikabaini kwamba asilimia tisini na saba yenu mnapenda filamu za mahakama, zile za polepole, ambamo wakili huchukua robo saa kufuta miwani, shahidi anakunjakunja leso, na mtazamaji, badala ya kuuliza nani kaua, anaanza kumhurumia muuaji. Nami, kwa weledi wangu usio na kifani, nimeagiza zikatwe, hukumu itangulie, tuokoe umeme!

("Hukumu kabla ya ushahidi?" akaguna Doña Eufrasia. "Basi na nyama tuile kabla ya moto!" Tukamshika mkono, anyamaze. Hizo filamu tumezitazama miaka. Wakili hodari hamkatizi mwongo. Humwachia kimya, mwongo akijaze mwenyewe.)

Ehee! Viti mia nne vya mahameli vipo... vipo kwenye mchakato.

(Kimya.)

Yaani, kuagizwa kwake kumejadiliwa. Projekta nayo, kwa mtazamo mpana wa kimkakati, iko njiani, ingawa njia yenyewe inasubiri kibali. Mbona hampigi makofi?

("Tunakusikiliza, daktari," akasema Doña Eufrasia, akamsogezea glasi. "Kunywa maji, mwanangu. Unatoka jasho kama jibini juani.")

Usinitazame hivyo, mama! Kuta zilikuwa zijengwe Machi, lakini lilipochimbwa shimo la msingi, mke wangu akasema kina chake kinapendeza, na wataalamu wakashauri, kwa muda tu, liwekwe vigae vya buluu...

(Hata Baba Paroko hakukohoa.)

Sinema idumu! Utamaduni udumu! Maendeleo, mbele! Namalizia kwa kumshukuru Doña Eufrasia kwa moyo wake, kwa kiwanja chake, na kwa... kwa bwawa letu la kuogelea. Sinema haikuwapo kamwe. Basi, nimesema! Asanteni.

(Doña Eufrasia akainama, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili.

"Haya, wajukuu zangu," akasema, "nani anakuja kuogelea kwangu?")