Mlaji wa Ukoo

Jumatatu, 4 Agosti

Majibu ya mate yametoka. Watafiti waliotutemesha mate kwenye chupa pale kanisani Migwani wamerudi, na mmoja wao, binti aitwaye Yvonne, ametueleza mmoja mmoja. Ipo jeni inayosaidia mate kuvunja wanga wa ugali na wa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Wengine wana nakala chache, wengine nyingi. Kaka yangu Nthiwa, msemaji wa ukoo, ana nne. Mimi nina kumi na nne! Yvonne akaongeza kwamba nakala si ruhusa ya kula ovyo, utafiti bado unaendelea, na tena sukari yangu iko juu na figo zinavujisha protini kwenye mkojo. Nilikuwa nimeacha kusikiliza pale kwenye kumi na nne. Mke wangu Mwongeli, kwa bahati mbaya, alisikiliza mpaka mwisho.

Jumanne, 5 Agosti

Chakula cha jioni: mlima wa sukuma wiki, na ugali mdogo kama sabuni ya gesti. Ndoa ina majaribu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Jumamosi tunaenda Kasikeu kwa mzee Mwangangi, kumposea Gedion, mwana wa Nthiwa. Wazee wetu wote wana sukari au presha. Mwaka jana kule Zombe waligusagusa chakula tu, wenyeji wakaona wamedharauliwa, wakaongeza mbuzi wa mahari. Nimempelekea Nthiwa wazo: niende kama mlaji wa ukoo. Wazee wanisogezee sahani zao, mimi nimalize. Nakala ninazo. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakumbuka wale mbuzi, akaacha kucheka.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi. Muthokoi sahani mbili katika hoteli iliyo kando ya soko, uso nyuma ya gazeti. Nikarudi nyumbani, nikala sukuma kwa unyenyekevu. Mwongeli akanisifu. Miguu imevimba, viatu vya Jumapili vimekataa kuingia. Nilimwambia ni joto. Akauliza joto gani, mwezi wa nane.

Jumamosi, 9 Agosti

(Nimeandika baadaye, nikiwa wodini.) Kabla ya maombi ya chakula Mwangangi alisimama. Akasema siku hizi kila boma lina mgonjwa wa sukari, hata yeye mwenyewe anayo, kwa hivyo kila mtu ajipakulie anachoruhusiwa na daktari wake, na hakuna atakayekasirika. Wazee wakashukuru, wakachukua mboga. Nthiwa akanikonyeza niache.

Niache? Baada ya mazoezi yote? Nikala sahani yangu, nikala ya Nthiwa, nikala na mbili za wazee ambao hawakuniomba. Nakumbuka nikinyoosha mkono kuchukua chapati. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Jumatatu, 11 Agosti

Bado niko wodini. Daktari amesema figo zimebaki na nusu ya nguvu, na nikiendelea hivi nitaishi kwa kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Nakala zangu hakuziulizia. Mwongeli alilia, akasema hajui sasa atazeeka na nani. Niliona aibu ya kweli, na hofu pia. Nikashika Biblia yake nikaapa kwamba sitakula tena ugenini, hata punje.

Jumatano, 13 Agosti

Nthiwa amekuja na habari. Mgeni kuanguka mezani kwao kuliwatia wenyeji hofu na huruma, wakasamehe mbuzi watatu. Hakunishukuru. Aliniletea ndizi, akazila mwenyewe.

Mbuzi watatu! Nimewaza kutwa nzima. Muindi, mgonjwa wa kitanda cha pili, anamposea mwanawe Desemba, na wakwe wenyewe anasema ni wagumu. Nimemshauri anichukue. Kiapo ni kiapo, sitaonja kitu chochote. Nitaanguka tu, kabla ya chakula.