Darubini Kumi na Mbili kwa Moja

Nina macho mawili, sina kichwa, nalala shingoni mwa watu. Ukishanijua nyamaza, mwachie mwenzako naye ajaribu, sisi tumfuate Siagi.

Aliitwa Siagi kwa jinsi maneno yake yalivyoteleza. Mali yake yote ilikuwa sanduku la darubini kumi na mbili zilizotengenezwa China, ambazo yeye alikuwa amezihamishia Ujerumani kwa lebo za kubandika. Siku moja yuko kwa kinyozi, povu mashavuni, akamsikia daktari wa meno kwenye kiti cha pili.

"Mimi darubini isiyo ya Ujerumani siitii machoni. Nikiipata ya kweli, iliyochongwa jina kwenye chuma, natoa pikipiki yangu."

Siagi aliondoka na ndevu za upande mmoja. Lebo zake zisingefaa. Daktari alikuwa na kucha za kuzibandulia.

Akaenda moja kwa moja uwanja wa mpira, kwa bibi anayekodisha darubini kwa watazamaji wa jukwaa la nyuma. Za kukodisha zilikuwa zimemvunjikia zote. Imebaki moja shingoni, kuukuu, nzito, chini yake imechongwa: Ujerumani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wembe uliisha njiani?"

"Achana na ndevu. Nakupa mbili mpya kwa hiyo moja."

"Hii ya marehemu babu yako. Halafu inaumwa ndani. Itie machoni uone."

Siagi akatabasamu. Asiyetaka kutoa kitu chake hukisingizia ugonjwa, hilo alilijua. Na katika kazi yake, mnunuzi anayechungulia sana ndiye anayepandishiwa bei.

"Nne!"

"Chungulia kwanza, baba."

"Sita! Bibi, nchi si imeandikwa?"

"Nchi nimeisoma miaka thelathini. Goli sijaliona hata moja."

Walifika kumi na mbili. Bibi akazijaribu moja moja, akisoma namba mgongoni mwa kipa aliyekuwa akifanya mazoezi goli la mbali. Lebo hakuziuliza. "Hizi zinaona," akasema, akaivua ya shingoni.

Daktari wa meno alisoma ule mchongo, nusura alie. Ufunguo wa pikipiki ukatoka mfukoni. Kisha akasogea dirishani, akachungulia. Akakunja uso, kama mtu aliyekutana na jino bovu.

"Lenzi zimeota kuvu."

"Kuvu ya Ujerumani, daktari," alisema Siagi. "Si hii yetu."

Ufunguo ukarudi mfukoni.

Jumamosi, siku ya mechi, Siagi alirudi kwa bibi. "Turudishiane, bibi yangu."

"Niwavue macho watu wote wale?" Jukwaa la nyuma lilikuwa limejaa darubini. "Imebaki moja. Ukodi, uache dhamana."

"Nakuachia hii ya Ujerumani."

"Hiyo utaniachia uondoke na yangu. Acha kiatu."

Akapanda jukwaani, mguu mmoja mtupu. Akachungulia, mara yake ya kwanza tangu aanze biashara. Akaona mpaka kamba za viatu vya kipa, mpaka jasho kwenye nyusi.

"Kumbe!"

"Inaona vizuri, eh?" aliuliza jirani yake. "Ya wapi hiyo?"

"Ya Uje..." Siagi akaanza, akalimeza.

"Ya bibi," akasema.