Blanketi la Uzi Mmoja

Jumanne, 3 Juni
Kosa la watu wengi ni hili: wakiona kazi nzuri ya mkono, huisifu kisha wakaenda zao. Hawaifungui! Nimefundisha sayansi hadi nikastaafu, na nasema tena: kitu usichokifungua hujakiona.

Jumapili binti yetu anamleta mjukuu wetu wa kwanza. Mke wangu anamfumia blanketi la sufu tangu tulipopata habari ya mimba. Leo mkwe wetu seremala, baba mzazi wa mume wa binti, ameleta kitanda cha kubembeza. Hakina msumari hata mmoja! Akaniuliza, mbele ya mke wangu, babu mwalimu ameandaa nini. Nikajibu: kofia ya kufuma. Kofia! Mimi, ambaye hata kamba za viatu nafungiwa.

Jumatano, 4 Juni
Mke wangu yuko sokoni. Blanketi liko kitini, sindano yake ya ndoano imeshika kitanzi cha mwisho. Mpango: nichunguze kitanzi kimoja, nijue siri, nifume kofia.

Nikachomoa sindano. Nikavuta. Kitanzi kikafunguka, na nyuma yake kingine kikingoja zamu. Nikavuta tena. Lo! Nilidhani ni nyuzi chungu nzima zilizofungwa pamoja. Kumbe ni uzi mmoja! Maua, kingo, matundu yenye umbo la nyota, vyote ni uzi mmoja unaojipitia wenyewe. Hakuna fundo! Nilikaa sakafuni mdomo wazi.

Nilipozinduka, nusu ya blanketi ilikuwa mapajani mwangu, imejikunja kama tambi.

Nikachora mchoro, na mishale. Nikafuma nilichokifumua. Likatoka dekio. Nimeficha vyote chini ya mto.

Alhamisi, 5 Juni
Uzi uliniponza. Ulibaki unaning'inia, mke wangu akaufuata kutoka kitini hadi kitandani. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza tu kama panya wa nyumba hii siku hizi anavaa miwani.

Nikaanza kumfafanulia nadharia ya vitanzi. Akaniamuru ninyooshe mikono. Akaizungushia uzi wote, akaanza upya, nami nikakaa kama kigingi mchana kutwa. Pua ikawasha. Nikaomba nikunwe. Akasema niifafanulie pua nadharia.

Lakini vidole vyake! Haviangalii hata kidogo. Anabishana na jirani dirishani, anasikiliza sufuria jikoni, na nyota zinatoka moja baada ya nyingine. Nimeishi na vidole hivyo tangu ujana wetu. Leo ndiyo nimeviona.

Jumapili, 8 Juni
Mke wangu alikata uzi binti akiwa anabisha hodi. Blanketi zima! Mtoto alikamata ua moja kwa ngumi yake, akalala mikononi mwa bibi yake. Hata seremala, aliyekuja pia, aliinama akalipapasa. Kisha akaulizia kofia. Mke wangu akamjibu kuwa babu alichangia mikono. Nililengwalengwa na machozi.

Sasa wote wako sebuleni wanakunywa chai. Mimi niko chumbani na kile kitanda cha seremala, kitupu. Kinasimamaje bila msumari? Maajabu! Chini yake nimeona kijiti kimetokeza kidogo. Kimoja tu. Nakigusa, kinacheza.

Nawe utakayesoma haya, usiishie kusifu. Leo hii chukua kitu kimoja nyumbani kwako kilichotengenezwa kwa mkono, ukifungue.