Wamepaka Nyumba Nzima

Jumatatu, 6 Mei

Nimekasirika tangu asubuhi na sioni sababu ya kuacha. Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba mkaguzi anakuja Ijumaa. Atatazama somo moja la kila mwalimu, kisha apendekeze nani awe Mkuu wa Taaluma. Tumebaki wawili: mimi wa Kiingereza, na yule wa Hesabu tunayemwita Rula. Rula! Mtu anayepima nafasi kati ya madawati kabla hajasalimia watu. Eti naye anautaka ukuu. Ofisi ya Mkuu wa Taaluma ina dirisha, feni, na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Mimi nimekaa miaka kumi na moja kwenye kona ya stoo, kati ya mafagio na ramani zilizochanika. Ofisi ni yangu!

Mada ya wiki hii ndiyo itakayoniua. Namna ya kusema kwa Kiingereza kwamba jambo umekwisha kulifanya, tena lote, bila kubakiza. Nimesoma kitabu kizima. Nimekunywa maziwa yote. Wanafunzi wangu ni watu wazima, wanakuja mchana wakitoka kazini. Leo dereva wa lori kasimama kasema amekula mkate mzima. Mkate anao mkononi! Kaumega pembeni tu! Nimemfokea mpaka sauti ikakauka.

Nyumbani nako, mke wangu kaniuliza kuta zitapakwa rangi lini. Swali hilo lina umri wa miaka miwili. Mama yake anakuja Jumapili. Nimemjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Kaondoka akaubamiza mlango.

Jumanne, 7 Mei

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata kidevu, lakini limenijia! Kanuni mpya ya darasa: tenda kwanza, sema baadaye. Marufuku kusema umefanya kitu chote kabla hujakimaliza chote. Sasa, ili mtu atende, anahitaji kazi kubwa inayoonekana ikiisha. Kwa mfano, nyumba. Kwa mfano, yangu.

Nimewatangazia kwamba kesho waombe ruhusa kazini, tutasomea kwangu tangu asubuhi, na waje na nguo za kuchafua. Wote wamefurahi isipokuwa Mama Cherehani. Huyu ni fundi nguo, anakaa dawati la mbele na hana dogo. Kauliza kama jambo hilo limo kwenye mtaala. Nimemwambia mtaala ni mimi. Kaandika jibu hilo kwenye daftari lake. Kwa nini kaliandika?

Jumatano, 8 Mei

Nina hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Asubuhi niliwagawia brashi na kuwachanganyia rangi. Nikasisitiza mada: nyumba nzima! Kuta zote! Sitaki kusikia nusu! Kisha nikawaacha, nikaenda shuleni kuchungulia Rula anaandaa nini. Nilisimama nyuma ya dirisha lake nusu saa. Anaandaa pembetatu. Alipoinua kichwa akaniuliza mbona nina rangi sikioni. Nikamwambia ni dawa.

Narudi nyumbani, wamemaliza. Kuta zote, ndiyo. Na vioo vya madirisha. Na swichi. Na saa ya ukutani, mishale na namba zake, kwa hiyo wakati nyumbani kwangu hauonekani tena. Nimewauliza nani kawaroga. Dereva kajibu kwamba mwalimu alisema nzima, na dirisha nalo ni nyumba. Kisha wakapanga mstari, mmoja mmoja, wakatamka sentensi yao kwa Kiingereza. Bila kosa! Miaka kumi na moja sijawahi kusikia sentensi safi namna ile, na nimeisikilizia gizani saa nane mchana.

Halafu wakala chakula changu chote. Wakalisema na hilo, bila kosa.

Nilitegemea mke wangu awafukuze. Wapi! Dereva alimwita shemeji, akamsogezea kabati, naye akacheka. Kaniambia kwamba hawa angalau huwa wanamaliza walichoanza.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwangua vioo kwa wembe tangu alfajiri, na hata kimoja hakijaisha. Nimejikata kidole. Rula kanipita koridoni akasema anaona dawa yangu ya sikio imefika mpaka kwenye nywele. Ningemrukia, lakini nilikuwa na madaftari mikononi.

Nimechukua tahadhari. Kila mwanafunzi nimempa sentensi yake ya kesho, na zote ni za mambo ya shule. Dereva atafuta ubao wote, kisha atasema ameufuta wote. Neno nyumba lisitajwe hata kwa bahati mbaya! Mama Cherehani nilimpa sentensi ya kusoma kitabu kizima. Kakataa. Kasema hajakisoma, na kanuni ni tenda kwanza. Nimemwambia basi akae nyuma kabisa, afunge mdomo. Kakubali mara moja. Nimelala jioni nikiota feni.

Ijumaa, 10 Mei

Mwanzo ulikuwa mzuri! Dereva kafuta ubao wote, kasema. Mwenye duka kagawa chaki zote, kasema. Mkaguzi akitabasamu na kuandika. Nikaanza kuwaza pazia la ofisi liwe la rangi gani.

Ndipo akamwona Mama Cherehani. Akamwuliza mbona kakaa kimya, hana jambo lolote alilolimaliza lote wiki hii? Nilimkazia macho. Nilikohoa. Niliangusha kitabu. Yeye akasimama, akanyoosha gauni, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba wamepaka rangi nyumba nzima ya mwalimu wao.

Mkaguzi kauliza, nzima? Darasa lote likajibu kwa pamoja, nzima. Dereva akaongeza kwamba na vioo vyote.

Mkaguzi kasema hajapata kusikia mada hii ikitumika vizuri hivyo. Kisha akamwomba Mwalimu Mkuu watoke nje. Rula alikuwa mlangoni. Kasema za mwizi arobaini. Nikamwambia mimi si mwizi, mimi ni mbunifu, na sauti yangu ilisikika mpaka jikoni kwa wapika chai.

Jumatatu, 13 Mei

Rula kapewa ofisi. Kaipima.

Mama mkwe alikuja jana, akasifu kuta, akauliza mbona tunaishi gizani. Nilisingizia kwamba tunakwepa jua.

Na leo Mwalimu Mkuu kaniita. Kabla ya kesho mchana nimwandikie barua ya kuomba radhi, kwa Kiingereza, ukurasa mzima, nikiri makosa yangu yote. La sivyo hata kona ya stoo naihama. Mimi! Mtu aliyewafundisha watu wazima kusema kweli!

Lakini sijashindwa. Zoezi la leo darasani: kila mmoja aandike barua ya mwalimu aliyejutia makosa yake yote. Barua ishirini na nne! Nitachagua iliyo bora, nitie saini.

Mama Cherehani kanyoosha mkono. Kauliza: kanuni yetu ni tenda kwanza, je, huyo mwalimu ameshajuta au bado?

Nimemwambia aandike tu. Kujuta nimempa dereva, maana yeye humaliza kazi.