Kurasa Nne za Ziada

Jumatatu, 3 Agosti
Nimeipata fomu! Duka la vitabu linatafuta mtu wa likizo. Kazi: kupanda ngazi na kupanga vitabu. Ngazi ile naiota tangu darasa la nne. Fomu kurasa tatu. Jina, sawa. Kundi la damu? Kazi ya mama? Vyumba vya nyumbani? "Unaogopa nini?" Dada, anayetoa fotokopi kutwa nzima na kuona siri za watu zikizagaa, alicheka. Eti wanatafuta mpanga vitabu au mchumba? Ameniapisha: jina na simu, basi.

Jumanne, 4 Agosti
Mpango kabambe: nijaze uongo mtupu. Mama: rubani. (Ni fundi cherehani.) Ninaogopa: hakuna. Nikasoma tena. Msichana huyo simjui kabisa. Nimefuta.

Jumatano, 5 Agosti
Nikiri tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza maswali mengi hivi. Nyumbani naulizwa kama nimeosha vyombo. Nimejaza yote! Hofu zilihitaji kurasa nne za ziada: kuku, kusoma kwa sauti darasani, na ukurasa mzima wa Baba, aliye kazini mbali, ambaye simu zake zinazidi kuwa fupi. Mwenye duka amesema asante, binti. Ameipokea kwa mikono miwili. Dalili njema!

Jumamosi, 8 Agosti
Balaa! Kumbe mwenye duka hufungia vitabu kwa karatasi zilizokwisha kutumika. Binamu amenunua kamusi, ikaja imeviringishwa ndani ya hofu zangu. Akasoma mbele ya shangazi. Akaniuliza: kumbe, msomi, unakimbia kuku? Nilijifungia bafuni. Dada akaenda dukani amevimba kwa hasira, akarudi na karatasi zote isipokuwa moja. Ya Baba. Iko kwa nani? Natamani aliyenayo awe ameisoma hadi mwisho.
Kazi amepewa binamu. Yeye alijaza jina na simu tu.

Jumatatu, 10 Agosti
Nimekoma. Nimemwapia Dada: siri za nyumbani sitoi tena.
Saa nne nimepita duka la viatu. Wana fomu. Kurasa tano! Swali la mwisho: "Eleza familia yako kwa ufupi." Ufupi! Nimeuandika upya ukurasa wa Baba, safari hii vizuri zaidi. Dada asiwe na wasiwasi. Viatu huuzwa ndani ya boksi.
Nimeomba karatasi sita.