Namba Mia Nne na Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Nimekalia kuti kavu. Mkurugenzi katukusanya ukumbini na kutangaza kwamba kampuni yetu, yenye nguzo na nyaya kila kona, imeinunua ile kampuni ndogo ya ng'ambo ya barabara inayouza simu za mkononi. Wafanyakazi sita na mnara mmoja! Miaka yote tumewacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Sasa simu hizo ni zetu, na Ijumaa zinaanza kuuzwa hapa hapa ukumbi wa chini, mbele ya meza yangu.

Nikauliza, kwa heshima zote, kitengo changu kitakuwaje. Mimi ndiye mtunza orodha ya wanaosubiri kuvutiwa waya wa simu nyumbani. Watu elfu mbili na ushee, madaftari manane, miaka kumi na moja ya kazi. Mkurugenzi akajibu kwamba simu isiyo na waya haina haja ya orodha, na Jumatatu ijayo ataamua nani abaki, nani aende. Watu wote wakanigeukia.

Jumanne, 4 Machi

Sikupata usingizi. Wale sita wamefika na maboksi yao. Mkuu wao ni binti mwembamba, wenzake wanamwita Kibiriti. Wamemweka mkabala na mimi! Akakisoma kibao changu cha ukutani, "Subira yavuta heri", akaniuliza kwa adabu wateja wangu husubiri muda gani. Nikamwambia inategemea umbali wa nguzo. Akasema yeye humaliza na mteja kwa dakika kumi. Dakika kumi! Mtu ukimhudumia kwa dakika kumi, atakuheshimu saa ngapi? Kwangu mimi watu huingia wamevua kofia.

Nyumbani, mke wangu kauliza tena mama yake atapata simu lini. Mama mkwe ni namba 412, mwaka wa tisa huu. Nikamjibu kama siku zote: nikimpandisha, watu watasema napendelea ndugu. (Mungu anisamehe. Akiwa na simu atanipigia kila asubuhi.) Mke akasema bora ningelioa daftari.

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Hizi simu mpya zimepungukiwa kitu kimoja tu: orodha. Nikiwapa orodha, nani atathubutu kunifukuza?

Nimechapisha fomu mia tatu. Picha mbili, barua ya mwajiri, sahihi ya jirani, na umbali kutoka nyumba ya mwombaji hadi nguzo iliyo karibu. Mpiga chapa akataka kujua simu isiyo na waya inahusiana vipi na nguzo. Nikamwambia kila mtu afanye kazi yake. Nikatoka haraka kabla hajauliza tena, maana hata mimi sielewi. Lakini fomu bila nguzo inakuwaje fomu?

Alhamisi, 6 Machi

Woga mtupu. Kibiriti kapanga simu mia mbili mezani kama anauza nyanya. Hana hata daftari! Nimekunywa chai mara saba.

Ijumaa, 7 Machi

Saa moja asubuhi nilikuwa nje mlangoni na meza ndogo na fomu zangu. Watu wakaja, wakapokea fomu, wakatii. Wamenizoea. Saa nne foleni ilikuwa imezunguka jengo, na baadhi walikuwa wamerudi mitaani kwao kuhesabu hatua hadi kwenye nguzo. Ndani, hakuna mteja hata mmoja. Kupitia kioo nikamwona Mkurugenzi na wageni wake wakiutazama ukumbi mtupu. Nikafurahi, nikaogopa.

Ndipo akatokea mama mkwe, kavaa nguo yake ya kutokea, mkoba kwapani. Ningefanyaje? Nikampa fomu. Akavaa miwani, akaisoma hadi mwisho bila haraka.

"Mkwe wangu," akasema, wala hakupaza sauti, "miaka tisa unaniambia nguzo iko mbali. Leo nguzo ya nini tena?"

Akaikunja fomu, akaitia mkobani, akaingia ndani. Watu wote wakamfuata. Meza yangu ndogo ikaenda nao.

Kabla ya adhuhuri simu zote zilikuwa zimekwisha. Nikarudi kwenye kiti changu kukusanya vitu vyangu. Simu ya mezani ikalia. Nikapokea kama nilivyopokea miaka kumi na moja: "Orodha." Alikuwa mama mkwe, kasimama kwa Kibiriti, hatua sita kutoka nilipo, ananitazama.

"Kumbe ni rahisi hivi," akasema, akakata.



Jumatatu, 10 Machi

Nimeitwa. Mkurugenzi alikuwa na fomu yangu mkononi. Akauliza, kutoka nyumbani kwake hadi nguzo iliyo karibu ni umbali gani. Nikajibu mita kumi na nne. Akajishika uso.

Kumbe Kibiriti kaniombea! Kasema mtu awezaye kuwasimamisha watu mia mbili juani bila kelele asitupwe. Nimehamishiwa chini ya ngazi. Nitawapokea wateja ambao simu zao hazishiki mtandao na kuwapeleka kwa fundi papo hapo, mlango wa pili. Papo hapo, Mkurugenzi karudia mara tatu. Nikaapa kwamba nimejifunza. Nikashukuru mpaka akaniomba nitoke.

Nimetundika kibao changu. Hadi saa tisa walikuwa wamekuja wateja wanne. Fundi alikuwa amekaa tu anapiga miayo, lakini mambo hayaendi ovyo ovyo namna hiyo. Nikafungua daftari jipya, nikawaandika, nikawaambia warudi wiki ijayo.

Wa tano alikuwa mama mkwe. Akiwa jikoni, simu yake haishiki. Nikamkaribisha kiti, nikamwamkia vizuri, nikamwandika kwa namba yake ileile, 412. Nikamweleza kwa upole kwamba siwezi kuwapa watu sababu ya kusema napendelea ndugu.