Koti la Mzee Jilala na Sumaku Kumi na Mbili

Jumapili, 3 Agosti

Leo nimepata wazo la maisha yangu! Naandika haraka kabla mke wangu Ritha hajanituma maji.

Baada ya misa alikuja Limi, binti wa Mzee Jilala, akakaa kwenye benchi la wateja na kuanza kulia. Sendofu yake, sherehe ya kumuaga, ni Jumamosi. Upande wa mume utaleta koti la baba, kama ilivyo desturi. Sasa kwenye ukoo wao mzee hulivaa palepale mbele ya watu na kulifunga kwa mikono yake. Hapo ndipo inajulikana ameridhia. Akifungwa na mtu mwingine, mashangazi wanaanza kunong'ona kwamba baba kaburuzwa.

Tatizo ni vidole. Mzee kachimba dhahabu miaka thelathini. Mwaka juzi kiharusi kikampiga mkono wa kulia, na wa kushoto ulishakakamaa zamani kwa sururu. Kifungo kimoja robo saa. Limi akinyoosha mkono kumsaidia, mzee anaondoka zake na shati wazi. Miezi miwili sasa anashinda na fulana, na kanisani haji, maana hawezi kumwendea Mungu na fulana. Limi anasema hajui ataolewaje amwache baba yake hivyo. Alilia, na mimi nikalia kidogo, nikasingizia vumbi.

Mshenga ameshakubali koti nishone mimi. Nikamwambia Limi afute machozi, maana Katoro nzima fundi anayeweza jambo hili ni mmoja. Jina la kampuni ninalo tayari: JIFUNGE MWENYEWE. Makao makuu hapa Katoro, matawi Geita, Kahama na Shinyanga mjini. Ukanda wote huu wa machimbo, watu wangapi vidole vimewagomea? Wote wangu!

Ritha ameuliza kama hili ni kama lile la kofia yenye feni. Nimemjibu kwamba nywele za katekista zimeshaota.

Jumatatu, 4 Agosti

Utepe wa kunatana! Ule wa kwenye sandali za watoto, unabana huku, unashika kule, kazi imeisha. Nimezunguka soko zima, nimeupata wa pinki tu. Koti la baba mkwe haliwezi kuwa na pinki.

Ndipo nikakumbuka mashine ya Ritha. Ritha hupima watu presha pale sokoni, na ule mkanda wa mkononi una utepe mweusi, mpana, safi kabisa. Nimeukata. Kwa ajili ya sayansi.

Nikaushonea kwenye shati la majaribio, mbio kwa Mzee Jilala. Shikamoo, marahaba, akavaa. Akabonyeza kwa kiganja. Imeshika! Nikataka kupiga vigelegele mwenyewe. Akavuta kufungua. KRAAA! Kuku wakatawanyika, jirani akachungulia juu ya uzio. Mzee akasema kwa upole kwamba mlio huo mbele ya wakwe watu watadhani ni suruali.

Sikuwa nimeufikiria upande huo.

Ritha leo kapima presha huku kaushikilia mkanda kwa mikono miwili. Wateja wote presha imeonekana iko juu, ikiwemo yake. Nimelala na njaa.

Jumanne, 5 Agosti

Hujuma! Fundi Salome wa ng'ambo ya barabara ameingilia kazi yangu. Huyu mama ana cherehani mbili na hapigi kelele, ndiyo maana simwamini. Anashona gauni la Limi, kwa hiyo ana kisingizio cha kuingia mle ndani muda wowote.

Nilisimama nyuma ya uzio wa mabati nikaangalia kwenye tundu. Saa nzima! Hata kifua hakumpima Mzee. Amekaa naye kwenye kigoda, anamuuliza ni kidole gani bado kinamsikia, ni saa ngapi mkono unakuwa mwepesi, kipi kinamuudhi zaidi, kufunga au kufungua. Mara amshikishe kiberiti, mara gunzi la hindi, mara kifungo kikubwa cha mbao. Na Mzee anajibu! Ameongea leo kuliko nilivyomsikia mwaka mzima. Fundi gani anauliza maswali? Fundi anajua.

Nilipiga chafya. Mzee hakugeuka hata kidogo, akasema nikaribie ndani nikanywe uji, uzio una kutu. Uji nikanywa. Salome akanisalimia vizuri tu, na hilo ndilo lililoniudhi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimelipata jibu! Nimelipata! Nimelipata!

Nilikuwa nimekaa karibu na vijana wanaoosha mchanga wa dhahabu, nina mawazo. Kijana mmoja akachukua sumaku, akaipitisha juu ya karai, ule mchanga mweusi wote ukairukia, dhahabu ikabaki peke yake. Tumeona jambo hili tangu utoto, lakini nani amewahi kuitazama sumaku akaona kifungo? Mimi.

Nikaenda kwa Heena, mwenye duka la vifaa vya wachimbaji. Mama huyu duka lile alilirithi kwa baba yake na anajua kila msumari ulipo. Nilipomweleza, akanitolea vidude vidogo kama punje za mahindi, akasema kwa nguo hivyo vinatosha. Nikamwambia anionyeshe vile wanavyotumia wachimbaji wakubwa. Akasema vile ni vya kazi nyingine, vitanisumbua. Nikamwambia mimi si mtu wa saizi ndogo. Akavua miwani, akaniangalia, akavaa tena miwani, akanifungia nane.

Nimetoka dukani na furaha mpaka nimeaga mara mbili. Njiani mfuko wangu umeshika pikipiki ya mtu. Tumeelewana.

Alhamisi, 7 Agosti

Mambo madogo madogo ya kurekebisha, nayaandika nisije nikasahau. Koti limeshika cherehani. Mkasi umeshika koti. Pini zote za dukani zimehamia kifuani, kwa hiyo anayelivaa lazima kwanza nimkague. Nimepita getini kwa jirani nimelivaa, nikabaki pale, ikabidi nijifanye nimekuja kuwasalimia. Mama mwenye nyumba aliniletea karanga.

Lakini sasa niandike lililo kubwa.

Mchana nilimpelekea Mzee. Alivaa mkono mbaya kwanza, halafu mzuri. Akazisogeza zile pande mbili karibu karibu kwa viganja vyake. Pap! Pap pap pap! Limejifunga lote, limenyooka, kwa nje vinaonekana vifungo vya urembo tu, hakuna anayejua. Mzee akajitazama kifuani. Akalifungua, akafunga tena. Mara saba, nimehesabu. Mara ya saba alikuwa anatabasamu upande mmoja wa mdomo, ule unaokubali, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Gregory."

Nilitoka nje nikasimama kidogo. Vumbi la Katoro mwaka huu limezidi.

Ni kweli kufungua kulimtoa jasho, na mara moja nilimsaidia kwa goti. Lakini desturi inasema kufunga. Kufungua haikutajwa popote.

Ijumaa, 8 Agosti (Nane Nane)

Watu wameenda kwenye maonyesho, mimi niko kazini. Wakubwa ndivyo tulivyo.

Asubuhi kaja Salome. Amelishika koti, amelifunga, amelifungua, ameridhika na mshono, hilo alisema mwenyewe. Halafu akaharibu. Ati nipunguze. Ati niweke sumaku nne ndogo zinatosha, na Mzee hapendi kitu cha kumvutana naye. Akasema nimuulize mwenyewe. Nikamshukuru kwa heshima zote. Alipovuka barabara tu nikaongeza sumaku nne nyingine kubwa. Kumi na mbili sasa! Wivu ni kipimo kizuri cha kazi.

Na bado. Saa nne kapita Mzee Ng'wandu, baba wa bwana harusi, kukagua koti analompelekea mkwe wake. Limemvutia, tena kwa maana zote, maana alikuwa na funguo mfukoni. Nikamshawishi nimshonee na yeye la kufanana. Wakwe wawili, nguo moja! Picha zitafika Mwanza! Heena ameniuzia sumaku nyingine kumi na mbili, akanitakia sherehe njema kwa sauti niliyoshindwa kuielewa.

Jioni nimeyatundika makoti mawili kwenye waya mmoja, kila moja mwisho wake. Nimekwenda kula, nimerudi, nimeyakuta katikati yamekumbatiana. Ritha na mimi tumeyatenganisha kwa nusu saa, yeye kavuta huku, mimi huku. Nimemwambia ni dalili njema ya ndoa. Ritha akasema anaomba tu asikae meza ya mbele.

Jumamosi, 9 Agosti

Niko hai. Naanza na hilo.

Ukumbi umejaa. Mashangazi wa Limi safu nzima, macho makali. Mshenga akaleta koti, muziki ukazimwa. Mzee akasimama peke yake, akavaa mkono mbaya, akavaa mkono mzuri. Limi kashika gauni lake kwa ngumi mbili. Mzee akasogeza viganja. PAP!

Vigelegele! Mashangazi wamesimama, wanapiga makofi, mmoja katupa kiatu! Nami nimesimama juu ya kiti, naonyesha kifua changu kila anayetazama ajue ni nani.

Mshereheshaji akasogea kumuomba Mzee maneno mawili. Akanyoosha maiki. Maiki ikamtoka mkononi, tap, kwenye koti. Akavuta. Akavuta tena. Wakati huohuo Mzee keshainama kwa binti yake anamnong'oneza, na spika zote sita zikanong'ona naye.

"Umeona, Limi? Nimefunga mwenyewe. Sasa nenda, mwanangu, usiwe unaniwaza asubuhi. Nitaweza."

Ukumbi mzima ulilia. Mimi nililia wazi, hakukuwa na vumbi. Limi kamshika baba yake shingoni hataki kuachia. Kisha spika zikaongeza, polepole, kwamba ila kwapani linabana.

Ningeomba sherehe ingeishia hapo. Lakini Mzee Ng'wandu, kwa furaha, akafungua mikono akamwendea mkwe wake wakumbatiane. Nikaona. Nikapiga kelele. Nani anamsikia fundi kwenye vigelegele?

Wakashikana. Kifua kwa kifua, maiki katikati. Sumaku ishirini na nne. Wakajaribu kuachana kwa heshima, wapi. Spika zikatangaza pumzi zao. Mshereheshaji, mtu mwerevu, akaamuru muziki, na wazee wale wawili wakacheza nyimbo tatu mfululizo kwa kuwa hawakuwa na namna. Kisu cha keki kilipopitishwa jirani, watu wa meza ya mbele walilala chini. Ritha alikuwa meza ya nyuma kabisa, alipanga mapema. Keki walilishwa pamoja, kijiko cha plastiki.

Aliyewaokoa ni Salome. Alikuja na mwiko wa ugali kutoka jikoni, akawaambia wasivutane, wateleze, mmoja kushoto mmoja kulia. Akaingiza mwiko. Wakatoka.

Na koti la Mzee lilipofunguka, ndani yake kulikuwa na shati jeupe. Vifungo vikubwa vya mbao, tundu za kamba ya mpira, vyote vimefungwa, mpaka shingoni. Limi akamuuliza nani kamfunga. Mzee akasema hakuna mtu, amejifunga alfajiri, kisha akanywa chai.

Yaani aliingia ukumbini ameshashinda. Na Salome hakusema kitu! Huo ndio ujanja wake.

Jumatatu, 11 Agosti

Jana Mzee Jilala alikuja kanisani. Miezi miwili! Shati la Salome, koti langu begani. Alikaa benchi la mbele, la mbao.

Leo kapita hapa dukani. Nilijiandaa kugombezwa, nikawa nimejificha nusu nyuma ya cherehani. Hakugomba. Akaliweka koti mezani, akasema analipenda, atazikwa nalo, ila nitoe sumaku kubwa zote niweke nne ndogo, na nilegeze kwapa. Halafu akagonga meza kwa kidole kile kinachomsikia.

"Gregory, mikono ni yangu. Ungeniuliza tu."

Maneno haya yameniingia. Yameingia kabisa! Nimemwita Ritha ashuhudie. Nimeyaandika kwa chaki ukutani, herufi kubwa: ULIZA KWANZA. Salome naye kavuka barabara, amesema oda zimeanza kuja, mama mmoja wa Ushetu mwenye vidole vya baridi yabisi, mchimbaji mmoja wa Nyarugusu aliyebaki na mkono mmoja. Anapendekeza tushirikiane: yeye akae na wateja awasikilize, mimi nishone. Nimekubali. Nimekuwa mtu mpya, najisikia mwepesi, nimemnunulia Ritha mkanda mpya wa presha.

Sasa, katika utu upya huu, nimefikiria. Shati Mzee analo. Koti analo. Bado suruali! Zipu ni adui mkubwa kuliko kifungo, na hakuna mtu anayethubutu kulisema. Nimepita kwa Heena jioni. Zile za kwanza zilikuwa saizi ya kati, kumbe zipo kubwa zaidi, za mashine. Amenitolea sita huku anatikisa kichwa. Nne mbele, mbili nyuma kwa ajili ya mizani.

Nitamuuliza Mzee, bila shaka. Akishaivaa. Nataka iwe zawadi ya kushtukiza, na zawadi ukiiuliza si zawadi tena. Aivae Jumapili misa ya kwanza, watu wote waione. Ritha amenikumbusha tu kwamba Paroko ametangaza mabenchi ya mbao yanaondolewa wiki hii, tunaletewa viti vipya vya chuma.

Sioni uhusiano.